Mama katapeliwa, kaka anataka kumrudisha kwenye kitochi

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, naishi Dar es Salaam. Kwetu ni Muheza. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, na mama yuko pale nyumbani na mjukuu wake wa darasa la sita, mtoto wa mdogo wangu wa kike anayefanya kazi za ndani Muscat. Tumezaliwa wanne: kaka mkubwa, mimi, huyo wa Muscat na kitinda mimba wetu wa kiume aliye Arusha.

Mama ana miaka 66. Ana shamba la michungwa, si kubwa, lakini ndilo lililotusomesha. Wanunuzi wanakuja na malori yao, wanazunguka shambani, wakipatana bei wanalipa kwa simu. Kwa hiyo simu kwake si pambo, ndimo hela zake zinamopita.

Mwaka juzi tulichangishana tukamnunulia simu ya kupangusa, ili amwone binti yake na sisi wengine. Mwanzoni ilikuwa raha. Sasa, Mjomba, nisikufiche, imekuwa kero. Kabla hata ya adhana ya alfajiri linaingia ua waridi lenye maandishi "Asubuhi njema". Linafuata tangazo kwamba kampuni ya simu inagawa bando la GB 50 bure, bonyeza hapa kisha sambaza kwa watu 20. Halafu video za dawa. Juzi katuletea moja inayosema achana na vidonge vya presha, chemsha kitunguu saumu na limao, na yeye mwenyewe anameza vidonge vya presha. Simu inajaa kila mara, bando halimalizi siku mbili. Ukimpigia ya video unaangalia dari, au anaiweka sikioni unabaki kutazama hereni.

Kila nikienda nyumbani kazi yangu ni moja. "Hebu niangalizie, imefanyaje hii?" Naichukua, naiweka sawa, namrudishia. Wiki haiishi ananipigia kwa tatizo lile lile. Namba yake ya siri ni mwaka aliozaliwa. Mjukuu anaijua, wakala wa pale njia panda anaijua, na sitashangaa muuza maandazi naye akiijua.

Sasa lililotuvuruga. Msimu huu alikuwa anadaiwa shilingi 350,000 na kijana aliyempulizia dawa michungwa. Asubuhi wameongea, mama kamwahidi kumtumia mchana. Mchana ikaingia SMS: "Ile hela tuma kwenye namba hii, yangu ina shida, jina litakuja la" fulani, jina la mwanamke. Mama akaona ni yule kijana, pengine katoa namba ya mkewe. Akatuma yote. Jioni kijana akapiga kuulizia hela yake.

Hakutuambia, Mjomba. Alikwenda kukopa kwenye kikoba, akamlipa kijana, akanyamaza. Sisi tumekuja kujua baada ya wiki tatu, kwa mama mdogo. Kaka aliposikia alirekodi sauti akaitupia kwenye grupu la ukoo, walimo mashemeji na watoto wakubwa. Kwamba mama amezeeka, simu haiwezi, kila mwenye shida mjini atakula kwake. Hatujakaa sawa tukaona mama katoka kwenye grupu. Tangu siku hiyo ukimpigia anapokea, anasema "sijambo, watoto hawajambo?", anakata.

Kaka kaamua: mwisho wa mwezi anakwenda Muheza, anachukua simu, anamwachia kitochi. Na kuanzia msimu ujao wanunuzi wa machungwa watalipa kwenye namba yake yeye, kisha atakuwa anamtumia mama matumizi ya kila wiki. Wa Muscat analia, maana hiyo ndiyo simu anayomwonea mwanawe kila usiku. Wa Arusha anasema lolote litakaloamuliwa ni sawa. Mimi naona kaka kavuka mpaka kwa ile sauti, ila naona pia ana hoja. Shilingi 350,000 si hela ya kuokota. Tumwache achukue? Na kama haichukuliwi, mtu wa miaka 66 anafundishwaje simu akaelewa?

Niliye katikati, Dar es Salaam


JIBU LA MJOMBA

Marahaba, mpwa wangu.

Simu isichukuliwe. Nalisema mapema kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na kaka yako anaonekana mtu wa kutimiza anachosema.

Isome tena barua yako pale mama alipoibiwa. Uliingia ujumbe mfupi wa maneno, SMS ya kawaida. Mama akatuma hela, jambo linalofanyika kwa nyota, namba na reli kwenye simu yoyote ile. Hapo WhatsApp imeingiaje? Kitochi kinapokea SMS. Kitochi kinatuma pesa. Tapeli akimkuta mama na kitochi atamwandikia maneno yale yale, na safari hiyo mama atakuwa hana hata namna ya kuupiga picha ujumbe akakutumia wewe uutazame. Kaka yako anakwenda kuondoa kitu ambacho hakikuhusika na wizi na kuacha kilichohusika. Atakachofanikiwa kukizima ni maongezi ya usiku ya mtoto wa darasa la sita na mama yake aliye ng'ambo.

Sasa tuutazame huo ujumbe kwa karibu, maana nyote mmeupita haraka. "Ile hela." Hela ipi? Haikutajwa, na hapo ndipo penye mtego. Matapeli hawa hawamjui mama yako wala shamba lake. Wanatuma maneno hayo kwa namba nyingi kadiri wawezavyo, wakijua kwamba nchi hii kila siku kuna mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, ada, hela ya fundi, mchango wa harusi. Wengi watasoma wafute, wengine watajibu kwa matusi. Wachache watakuwa kweli na "ile hela" ya mtu mkononi, na ujumbe utawafikia saa hiyo hiyo. Mama alikuwa mmoja wa hao. Siku ile kaka yako angekuwa na deni la fundi angetuma yeye, tena haraka zaidi, kwa kuwa ana shughuli nyingi na husoma ujumbe huku anatembea. Uzee haukuhusika hapa. Nawajua wahasibu waliotuma.

Halafu hilo la "jina litakuja la fulani". Unapotuma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri unaoneshwa jina la mwenye namba. Ni kinga nzuri, na imewekwa makusudi. Tapeli anajua ipo, kwa hiyo anakutajia jina mapema. Likitokea, badala ya kushtuka kwamba mbona si jina la mtu wangu, unajisemea "ndilo hilo aliloniambia", unabonyeza. Mweleze mama jambo hili hivi hivi, taratibu, bila kumuuliza kwa nini hakushtuka. Atalielewa upesi na atakwenda kuwaeleza wenzake wa kikoba, ambao nao ujumbe huo wanaupata.

Kuna wakati tulidhani kusajili laini kwa alama za vidole kungewamaliza watu hawa. Zoezi lilifungwa Januari 2020, laini zisizosajiliwa zikazimwa, tukasema sasa kila namba ina mwenyewe. Wakahamia kwenye laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Ndiyo maana nataka mama apige *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na asiyoitambua aende nayo kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Namba ya tapeli iende 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Polisi nako akaripoti, apewe RB, ile namba ya taarifa yake. Je, hela itarudi? Sidhani, na usimpe mama matumaini hayo. Zimepita wiki, na hela ya wizi hailali kwenye simu. Lakini siku ile ile, ndani ya dakika chache, angepiga 100 kwa huduma kwa wateja akaeleza, kulikuwa na nafasi ya kuizuia kabla haijatolewa kwa wakala.

Hapa sasa kaka yako asikilize. Mama hakupiga 100, wala hakukupigia wewe. Alijua atakachoambiwa, na kweli ndicho alichoambiwa, mbele ya mashemeji. Kwa ile sauti kaka hakumfundisha kujihadhari na matapeli. Kamfundisha kwamba mara nyingine afiche vizuri zaidi, asiende kukopa mahali ambapo mama mdogo atasikia. Mtu anayewaogopa wanawe kuliko mwizi, muda anaoutumia kujificha ndio muda mwizi anaotumia kutoa hela. Kaka anasema anapigania hela. Basi mpelekee hesabu hiyo, ni ya hela.

Na wanunuzi kulipa kwenye namba yake? Hapana, hilo hata kwa mzaha msilikubali. Nia yake inaweza kuwa safi, sina sababu ya kumshuku. Lakini mwanamke aliyewasomesha watoto wanne kwa machungwa hawezi kuanza leo kuomba hela ya chumvi kwa mtoto wake, tena kwa ratiba. Siku kaka atakapobanwa na ada za wanawe akaazima kidogo kwenye hela ya shamba, nani kati yenu atauliza? Wewe hutauliza, wa Arusha ndiyo kabisa. Nimeziona familia zilizoanza hivi kwa nia njema, na leo hawazikani. Ukiniuliza mimi, hili ndilo kubwa katika barua yako kuliko simu yenyewe. Mnabishana juu ya simu huku shamba linabadilishwa mshika fedha.

Hela inaweza kulindwa ikiwa mikononi mwake. Afungue akaunti benki kama hana. Siku hizi mawakala wa benki wamefika hata miji midogo, hana haja ya kwenda Tanga mjini kila mara. Hela kubwa ya msimu ikiingia kwenye simu, kesho yake iende benki, kwenye simu ibaki ya matumizi ya wiki. Tapeli akibahatika atapata ya wiki. Na kile kitochi cha kaka kisikataliwe! Kiwe cha laini ya hela. Namba yake wapewe wanunuzi wa machungwa na watu wachache, kikae kabatini, na akitaka kutuma ainuke akakifuate. Simu ya kupangusa ibaki ya maongezi. Haizuii kila kitu, lakini wizi wa namna hii unategemea haraka, na hapo haraka itapungua. Isitoshe kaka atakuwa ameleta kitu kilichopokelewa, na hilo litawasaidia baadaye kwenye maongezi magumu.

Sheria ya kutuma iwe moja, mama aikariri: akiambiwa atume kwenye namba mpya, ampigie mhusika kwa namba ya zamani, asikie sauti yake, ndipo atume. Hata ujumbe ukisema ni mimi mwanao niko hospitali. Hasa ukisema hivyo. Anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa mtandao huku kapiga kwa namba nyingine isiyo 100, mama asimsikilize, akate.

Namba ya siri nayo ibadilishwe. Si mwaka wa kuzaliwa wake, wala wa mjukuu. Pale kwa wakala aandike mwenyewe, hata foleni ikinung'unika nyuma yake. Najua wanavyofanya, "mama lete nikusaidie", na mzee anashukuru. Mjukuu pia asiijue, na si kwa sababu namdhania ubaya. Mtoto mwenye namba ya siri ya bibi yake ndiye atakayeshukiwa wa kwanza siku senti ikipotea. Mmembebesha mzigo bila kujua.

Umeuliza mtu wa miaka 66 anafundishwaje. Kwanza tuache kusema mambo ya kisasa hayawezi. Kizazi chake kilianza na barua za sanduku la posta, kikaja kwenye vocha za kukwangua. Hela kwa simu iliingia nchini mwaka 2008, yeye akiwa anakaribia 50, na hakuna aliyempeleka darasani. Hebu uliza ni nani anayeingiza LUKU hapo nyumbani umeme ukikatika. Tarakimu 20, kwenye kimashine chenye vitufe vidogo, gizani, na ukikosea moja unaanza upya. Sasa mtu huyo kwenye simu ya kupangusa kashindwa nini?

Kashindwa kufundishwa. Umeniandikia mwenyewe: "Naichukua, naiweka sawa, namrudishia." Hapo hujafundisha, umetengeneza. Vidole vyako vimepita mbele ya macho yake upesi, akaona rangi zinabadilika, akarudishiwa simu iliyopona, asijue imeponaje. Ukienda Muheza, shika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili na usikiachie. Simu ishikwe na mama tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe sema, yeye abonyeze. Atabonyeza pasipo, atarudi nyuma, atapotea kabisa, na wewe mwili utakuwasha kumpokonya. Kunywa chai.

Mwangalie kidole. Wazee wengi hukibonyeza kioo kama walivyozoea kitufe cha kitochi, kwa nguvu, na wanakaa nacho. Simu ya kupangusa huielewa hiyo kuwa amri nyingine kabisa. Badala ya kufungua ujumbe inauchagua, juu zinatokea alama za kufuta na kusambaza, mama anagusa mojawapo kwa kubahatisha, na hapo unapigiwa "imefanyaje hii?" Mfundishe kugusa na kuachia. Tena ngozi ya mtu wa jembe huwa kavu na ngumu, kioo wakati mwingine hakiisikii. Kidole kikilowanishwa kidogo sana kwa kitambaa kinakubali. Yeye anaona kioo kimemkataa kwa sababu hajui, kumbe ni ngozi tu.

Yapo ya kumfanyia wewe, kwa kuwa hufanywa mara moja yakaisha. Lugha ya simu iwe Kiswahili. Maandishi yakuzwe hadi aache kuivuta simu mbali na uso. WhatsApp izuiwe kupakua picha na video yenyewe. Malalamiko yako ya bando na ya simu kujaa nadhani yatapungua hapo hapo. Zuia watu asiowajua wasimwingize kwenye magrupu. Weka na ile namba ya siri ya ziada ya WhatsApp yenye tarakimu sita, na umwambie kwamba tarakimu zinazoingia kwa SMS haambiwi mtu, awe mwalimu wa mtoto, awe shekhe, awe mimi.

Yanayobaki ni ya kujifunza, na yafundishwe moja moja. Safari hii ya video peke yake: simu aiegemeze kwenye kopo la sukari, ajione kwenye kile kidirisha kidogo pembeni, ajisogeze hadi uso uonekane wote. Basi, siku hiyo imetosha. Aandike hatua kwenye daftari, kwa maneno yake na si yako. Akiita alama ya kamera "jicho", iitwe jicho.

Na mwalimu mkuu asiwe wewe. Awe mdogo wako wa Muscat. Yeye anapiga kila usiku, kwa hiyo mazoezi hayakatiki, na ana sifa ambayo nyinyi wengine hamna: hawezi kunyoosha mkono akaichukua simu. Hana budi kueleza kwa mdomo hadi aeleweke. Mjukuu awe msaidizi wa pale pale, ila naye apewe sharti la kikombe cha chai.

Ua waridi la alfajiri muachieni mama yenu. Kwao mtu haamki akaanza kazi bila kuwajulia hali wanawe, na zamani angepita kila mlango. Mjibu "umeamkaje mama", yatosha. Kama mlio unakukatisha usingizi, zima sauti kwenye simu yako, si yake. Bando la bure ni jambo jingine, lile linaweza kumpeleka kwenye tovuti za wezi. Mwoneshe ile alama ya mishale miwili inayotokea juu ya ujumbe uliokwisha kupita kwa watu wengi. Tangu mwaka 2020 WhatsApp yenyewe hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa sehemu zaidi ya moja kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema rafiki yake aliyemletea siye aliyeuandika. Mama ajizoeze kumuuliza huyo rafiki, wewe nani kakwambia? Utashangaa mazungumzo yanavyoishia hapo.

La kitunguu saumu ndilo lililonitisha, nawe umeliandika katikati ya maua na bando kama kichekesho. Mpigie leo. Usimuulize kuhusu video, muulize kama vidonge anavyo na kama anameza. Presha mara nyingi haiumi mahali. Mtu akiacha dawa anaweza kujiona mzima kabisa huku inapanda, akasema kweli ile video imesaidia. Ukikuta kaacha, mtafutieni mtu wa kumpeleka kituo cha afya wiki hii hii, msingoje safari ya kaka. Kitunguu saumu aendelee kupikia.

Amebaki kaka yako. Usimjibu kwenye grupu, na usimpe mdogo wenu wa Muscat amjibu kwa kilio, mtamfanya mgumu zaidi. Kama kwako hasikii kwa kuwa wewe ni mdogo wake, mpitie mama mdogo. Yeye ndiye aliyeleta habari, basi asaidie kuizima. Kaka aende Muheza kama alivyopanga, kwa tarehe ile ile, ila aende kuomba radhi. Kwa mdomo, ana kwa ana, si kwa sauti ya kurekodi. Mashemeji waliosikia awaandikie mstari mmoja tu kwamba alikosea kusema vile, bila maelezo. Ataona aibu, na hiyo aibu ni ya kwake. Mama katika haya yote hakumwibia mtu. Kalipa deni la kijana wa watu kwa hela ya mkopo, na hakumwomba mtoto wake hata mia.

Kwenye grupu msimrudishe kwa kumwongeza tu akajikuta yumo. Muulizeni. Akisema bado, ni bado.

Halafu kuna mkopo wa kikoba, ambao hakuna kati yenu aliyeutaja zaidi ya kuushangaa. Una riba na una siku yake ya kurejeshwa, na mama hawezi kungoja machungwa ya msimu ujao. Shilingi 350,000 kwa watoto wanne ni 87,500 kila mmoja, ukiacha riba. Zipelekwe zikiwa pamoja, kwenye namba ya mama mwenyewe, na mpigieni kwanza asikie sauti zenu. Wa Arusha, kwa kuwa kwake lolote litakaloamuliwa ni sawa, aanze yeye.